Sura ya Sita: Tunasikilizwa

Mlango wa chumba cha baridi namba tatu ulikuwa wazi, na hakuna aliyethubutu kuufunga.

Inspekta alisimama katikati ya ukumbi wa kiwanda, miguu ndani ya viatu vya mpira alivyoazimwa getini, akautazama mlango ule kwa muda mrefu. Ukungu mweupe ulikuwa ukitoka ndani na kutambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya wanawake waliokuwa wakipanga minofu ya samaki kwenye trei. Kreti ya plastiki ilikuwa imesukumwa kizingitini ili mlango usijifunge. Kila mfanyakazi aliyepita na mkokoteni alipunguza mwendo mahali pale, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, tunapita."

Kisha akaenda zake bila kugeuka nyuma.

"Unaona mwenyewe, Afande," Meneja alisema pembeni yake. "Umeme unapotea, mali inaharibika. Nikisema mlango ufungwe, naambiwa ndiyo bosi. Nikigeuka, kreti imerudi. Sasa nimfukuze nani kazi? Kreti?"

Akacheka peke yake. Alikuwa mtu nadhifu, mnene kiasi, mwenye tai iliyofungwa barabara na viatu vinavyong'aa hata juu ya maji ya samaki. Sauti yake ilikuwa laini, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kuipandisha. Wafanyakazi walimwita Friji, ila si mbele yake.

Katika chumba kile ndimo alimofia Mama Vipimo, mwanamke aliyekuwa akipima ubaridi wa vyumba na uzito wa trei tangu kiwanda kifunguliwe. Wapakiaji walimkuta asubuhi, amekaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, kipimo chake cha chuma mapajani. Inspekta aliumulika mlango kwa tochi upande wa ndani. Pale palipostahili kuwa na mpini palikuwa na tundu tu, limezibwa kwa kitambaa.

Sheria ilikuwa wazi. Kama Meneja alijua kwamba mlango haufunguki kutoka ndani na akanyamaza, basi ana kesi ya kujibu. Kama hakujua, ni ajali. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshamwambia Inspekta kwamba jalada litafungwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano.

"Mimi sikujua," Meneja alisema, kama aliyesoma mawazo yake. "Na si mimi ninayesema. Chuo kikuu kinasema."

Akamkabidhi kitabu chenye jalada la bluu. *Usimamizi Sikivu na Utulivu Mahali pa Kazi.* Katika miaka yake yote ya upelelezi Inspekta alikuwa amekutana na watu waliojikinga kwa mawakili, kwa magonjwa ya uongo, hata kwa jeneza lililojaa matofali. Aliyejikinga kwa utafiti alikuwa huyu wa kwanza.

"Mtafiti alikuja hapa akawahoji watu wangu," Meneja aliendelea. "Wakamwaga malalamiko. Mimi nikaanzisha mtindo mpya, usimamizi sikivu. Bosi anakaa na watu, anasikiliza. Baada ya miezi kadhaa akarudi, watu walewale, maswali yaleyale. Malalamiko hakuna. Hata moja! Viwanda vyetu vingine vyote vinaanza mtindo huu mwezi ujao."

"Na yale malalamiko ya mwanzo, uliyasoma?"

"Siri ya mtafiti hiyo. Sikuoneshwa, na sikuomba." Akanyoosha tai yake. "Kama marehemu alilalamika kuhusu mpini, Afande, alimlalamikia yule. Hakunilalamikia mimi."

*

Mdogo wake marehemu alikuwa ametoka zamu ya usiku. Inspekta alimkuta katika chumba cha kubadilishia nguo, ameketi kwenye benchi, aproni bado shingoni, akitazama msumari mmoja ukutani uliotundikwa aproni nyingine. Hakuhitaji kuuliza ilikuwa ya nani.

"Wanataka niitoe," mwanamke alisema. "Waje waitoe wao."

"Pole sana, dada."

"Nimepewa pole mpaka nimechoka. Wewe umekuja na nini?"

"Na maswali."

"Maswali!" Alicheka bila furaha. "Maswali ndiyo yaliyomuua. Yule kijana wa chuo, tunamwita Daktari wa Maswali, ndiye aliyemuuza dada yangu."

Inspekta akaketi. "Nieleze polepole."

"Dada alihojiwa mara ya kwanza pale ghorofani, kwenye chumba cha mikutano. Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Akaniambia, leo nimesema yote, nimesema mpaka mpini wa chumba cha tatu. Na akaniambia mzaha wake, kwamba amemwambia yule kijana, meneja wetu ni friji lenye tai. Tulicheka mpaka tukajishika mbavu." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kesho yake Meneja akamsimamisha koridoni. Mzuri, mpole, kama kawaida yake. Akamwambia, nasikia mimi ni friji lenye tai. Maneno yenyewe, Afande, hakuongeza wala kupunguza. Wiki hiyohiyo akampangia chumba cha tatu. Peke yake. Kabla ya hapo walikuwa wakiingia wawili wawili."

"Mzaha huo, alikuwa ameusema mahali pengine?"

"Kwangu tu, na kwa yule. Mimi sikufungua mdomo. Sasa nani amebaki?"

"Wewe ulihojiwa?"

"Mimi naingia zamu nyingine. Hakunifikia, na bahati yake."

*

Mtafiti alikuwa na ofisi ndogo kwenye ghorofa ya juu ya jengo la chuo, na alionekana kama mtu aliyeihamia. Blanketi lilikuwa limekunjwa nyuma ya mlango. Ndevu zilikuwa zimemwota bila mpango. Inspekta alipoweka kitambulisho mezani, alikitazama kama mtu aliyekuwa akikingojea.

"Ulimwambia nani kuhusu mpini?" Inspekta aliuliza, bila salamu ndefu.

"Hakuna."

"Friji lenye tai. Ulimwambia nani?"

Mtafiti akafumba macho. "Hakuna, Afande. Niliwaahidi siri, nikaishika."

"Basi Meneja aliota?"

"Sijui. Nimejiuliza mpaka kichwa kinaniuma. Kanda sikumpa mtu. Majina niliyaondoa. Hata msimamizi wangu hapa chuoni hajazisikia."

"Ngoja kwanza." Inspekta aliegemea mbele. "Mwanamke amekuambia kuna mlango haufunguki kutoka ndani, mahali pa baridi kali. Na wewe ukafanya nini?"

Nje, wanafunzi walipita wakicheka.

"Nilihesabu kama lalamiko," Mtafiti alisema hatimaye. "Nikaliweka kwenye kundi la vifaa. Pamoja na glavu zilizochanika na taa zisizowaka."

"Kundi la vifaa."

"Nilidhani ripoti ikitoka watarekebisha. Na aliporudi awamu ya pili hakulitaja tena. Nikaandika kwamba tatizo limekwisha." Alikuwa amezishika kingo za meza kama mtu aliye juu ya mkokoteni unaoteremka. "Siku hizi siwezi kufundisha. Nikiuliza darasa swali, marehemu ndiye anayejibu kwanza. Namsikia kabisa, kabla mwanafunzi hajanyoosha mkono. Afande, kama umekuja kunikamata, nikamate tu."

Inspekta alikuwa na pingu kiunoni na sababu mkononi. Mwenye siri alikuwa mmoja, na siri imetoka. Kwa kawaida hesabu ya namna hii haihitaji kalamu. Lakini alishawahoji wauza siri wengi, na wote walikuwa na kitu kimoja: walijua waliuza kwa ajili ya nini. Huyu hakuwa amepata chochote ila blanketi nyuma ya mlango.

"Nipe rekodi zote," alisema. "Usisafiri."

*

Shangazi yake Inspekta alikuwa amefundisha mbinu za utafiti chuoni hapohapo mpaka macho yake yalipoanza kufifia. Sasa aliona sura za watu kama vivuli tu, lakini masikio yake yalikuwa yamekua makali mpaka majirani waliogopa kumsengenya ndani ya nyumba zao.

"Umeniletea kazi," alisema alipofungua mlango, "na hukuniletea hata mkate."

"Nitaleta kesho, Shangazi."

"Kesho yako naijua tangu ulipokuwa na meno ya utoto. Ingia."

Walikaa sebuleni, mapazia yameshushwa kwa sababu ya jua la alasiri. Inspekta alimsomea ripoti, na mzee akamkatiza kwa maswali, kama alivyokuwa akiwakatiza wanafunzi wake. Waliohojiwa walichaguliwa na nani? Na mtafiti mwenyewe, kwa kura. Vizuri. Awamu ya pili ni walewale? Walewale. Vizuri tena. Kuna kiwanda kingine walichokilinganisha nacho, ambacho hakikubadili mtindo wa uongozi? Hakuna.

"Ehe, hapo pana ufa. Watu wamebadilika, sawa. Lakini utajuaje kama kilichowabadilisha ni mtindo wa meneja na si kitu kingine?" Akakuna kidevu. "Walihojiwa wapi?"

"Chumba cha mikutano, kiwandani. Meneja alijitolea kukitoa. Alikipaka hata rangi mpya, maana kule chini mashine zina kelele."

"Mkarimu sana huyo mtu." Shangazi hakutabasamu. "Washa kanda."

Walisikiliza awamu ya kwanza. Watu walianza na aibu, kisha wakafunguka. Wakaja kwa Mama Vipimo. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mashine. Alieleza mpini. Akatania friji lenye tai, na Mtafiti akasikika akizuia kicheko. Inspekta alijikuta amegeukia kiti kitupu pembeni ya meza, kana kwamba mgeni ameingia bila kupiga hodi.

Kisha wakasikiliza awamu ya pili. Swali lilikuwa lilelile: ukiona hatari kazini, unamwambia nani? Mtu wa kwanza akajibu, "Tunasikilizwa." Wa pili, "Tunasikilizwa, hatuna shida." Wa tatu, wa nne, wanaume kwa wanawake, neno ni hilohilo, moja baada ya jingine, mpaka sebule ile yenye giza ikawa kama imejaa watu waliopanga foleni kusema kitu kimoja.

"Mtafiti amelielewaje neno hilo?" Shangazi aliuliza.

"Ameliandika kuwa ni kuridhika. Kwamba meneja anawasikiliza."

"Na wewe umelielewaje?"

"Hivyohivyo. Lina maana gani nyingine?"

Shangazi akaionesha mashine kwa kidole. "Mwashe marehemu."

Sauti ya Mtafiti ikauliza. Kukawa kimya, kimya kirefu mno kwa mtu aliyekuwa na maneno mengi mara ya kwanza. Kiti kikalalamika. Mwanamke akakohoa.

"Tunasikilizwa, mwanangu," alisema. Kisha, polepole, neno moja moja, kama mtu anayempitishia mwenzake kitu chini ya meza: "Hata sasa hivi. Hapa tulipokaa. Tunasikilizwa."

Shangazi alinyoosha mkono, akapapasa, akaizima mashine mwenyewe.

Inspekta aliiweka ripoti chini.

"Mtu anayeshukuru," Shangazi alisema kwa sauti ndogo, "hasemi hata sasa hivi. Hasemi hapa tulipokaa. Huyu mama hakuwa akijibu swali, mwanangu. Alikuwa akimwambia yule mtoto kwamba chumba kina masikio."

"Wote?"

"Wote. Mmoja aliadhibiwa kwa maneno aliyoyasema humo, wengine wakaelewa. Wamemwambia ukweli mtupu, mtu baada ya mtu, na yeye akaandika kuwa wameridhika. Amepima woga akauita utulivu." Akaisukuma mashine kando. "Na yeye si aliyemuuza. Kama ni yeye mwenye kupeleka maneno, mama huyu angekuwa akimwonya nani?"

*

Alhamisi asubuhi Inspekta alirudi kiwandani na Mtafiti, na askari wawili aliowaacha getini. Kabla hawajashuka garini alimwambia Mtafiti ampe simu yake, akaizima na kuitia mfukoni. Hakumweleza kwa nini. Alimtaka akae karibu naye muda wote na asimsemeshe mtu.

Meneja aliwapokea mwenyewe. "Chumba kilekile? Karibuni. Mjisikie nyumbani."

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza, viti sita na feni ya dari inayozunguka kwa uvivu. Rangi ilikuwa mpya kila mahali, nyeupe ya maziwa, imepakwa na mtu mwenye haraka: swichi zilikuwa zimepakwa, vichwa vya skrubu vimepakwa, hata bawaba za mlango. Inspekta alizunguka kuta taratibu, mikono nyuma. Alipofika dirishani alisimama, akatazama juu yake.

Palikuwa na kisanduku kidogo cha kuitia watu, cha zamani, cha aina inayobonyezwa kitufe huku mtu akasikika kule. Mtafiti alipokuwa akiwahoji watu bila shaka hakukiangalia mara mbili. Boksi lake lilikuwa limepakwa rangi kama ukuta. Lakini matundu yale madogo ya mbele, yanayopitisha sauti, hayakuwa na tone la rangi. Mtu aliyepaka mpaka bawaba alikuwa amepata muda wa kuyafunika matundu hayo moja moja kwa utepe wa karatasi ili yasizibe.

Inspekta akaweka kidole mdomoni. Mtafiti akafuata macho yake, akaona.

Inspekta akavuta kiti, akaketi, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Nimekuleta humu kwa sababu hapa ni faragha. Jana nimepata jambo. Marehemu alikuwa na simu."

Mtafiti alifungua mdomo. Inspekta akamtolea macho. Akaufunga.

"Alipoona amehamishiwa chumba cha tatu, alimfuata Meneja kumwomba mpini utengenezwe, na akamrekodi akimkatalia. Aliogopa kupekuliwa getini, akaifunga simu kwenye mifuko ya nailoni na kuitumbukiza kwenye tangi la maji nyuma ya jenereta. Nimetuma mtu akalete karatasi ya upekuzi. Mchana tutalikausha tangi. Mpaka hapo usimwambie mtu."

"Ndiyo, Afande," Mtafiti alisema.

Feni ilizunguka. Inspekta alingoja kidogo, akainuka, akamshika Mtafiti mkono, wakashuka kwa ngazi za nyuma mpaka uani. Walijibanza nyuma ya kreti zilizopangwa juu kuliko kimo cha mtu. Jenereta ilikuwa imezimwa. Tangi la maji lilikaa kimya pembeni yake, mfuniko juu.

Hawakungoja sana.

Meneja alikuja peke yake, kwa hatua fupi za haraka, akitazama kushoto na kulia. Akainua mfuniko. Akavua koti, akalitundika kwenye bomba kwa uangalifu, kisha akazamisha mkono ndani ya maji mpaka begani, shati na yote, uso umegeukia pembeni, tai ikielea juu ya maji. Alipapasa huku, akapapasa kule. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu.

"Umeangusha nini, Meneja?"

Aligeuka kwa ghafla mpaka akagonga kiwiko. "Nakagua maji, Afande. Usafi."

"Na shati la ofisini?"

"Mimi nakagua kila kitu hapa. Ni kazi yangu."

"Basi na hili litakuhusu. Habari ya tangi nimeisema mara moja tu, kwenye chumba kilichofungwa, mbele ya mtu mmoja. Mtu mwenyewe huyu hapa, hajaniacha hata hatua moja, na simu yake ninayo." Akaipapasa mfukoni. "Umeambiwa na nani kuna kitu humo ndani?"

Maji yalimtiririka Meneja kwenye vidole. Alimtazama Mtafiti kama anayemwomba amsaidie jibu.

"Hakuna simu," Inspekta alisema. "Simu hiyo nimeitunga asubuhi nikinywa chai. Lakini wewe hukujua kwamba haiwezekani, kwa sababu aliyosema marehemu ndani ya simu hiyo ya uongo, kwako wewe yalikuwa kweli. Alikufuata. Alikuomba."

"Kiwanda kina watu wengi," Meneja alisema, sauti yake laini bado, ila imepoteza mahali pa kushika. "Kila siku mtu anaomba kitu. Ukimsikiliza kila mmoja, samaki wataoza."

Inspekta akawaita askari.

Ofisini kwa Meneja walikuta kisanduku cha pili, nyuma ya picha ya wafanyakazi bora. Kitufe chake kilikuwa kimebonyezwa na kukazwa kwa kijiti cha kuchokolea meno ili kisirudi juu. Walisimama wote, askari, Mtafiti na Inspekta, wakasikiliza. Kilikuwa kinaleta sauti ya chumba cha mikutano kisicho na mtu: feni ikizunguka, pazia likigusa ukuta, kiti kikilalamika peke yake kama kilichokaliwa. Mtafiti alitoka nje na kutapika.

*

Mchana Inspekta aliwahoji wafanyakazi upya, kwa namna aliyoelekezwa na Shangazi. Meza iliwekwa uani, mahali peupe, mbali na ukuta wowote. Hakuna aliyeitwa kwa jina. Anayetaka aje, asiyetaka aendelee na kazi yake. Mtafiti aliketi na karatasi tupu. Mdogo wake marehemu alikuwa ameitwa ili aelezwe ukweli wa chumba kile, na alikuwa amemsikiliza Inspekta mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akamtazama Mtafiti. Hakumwomba radhi wala hakumtukana tena. Alivuta kreti akaketi mbali naye kidogo.

Kwa muda hakuja mtu. Halafu akatoka mwanamke mmoja wa makamo, mmoja wa waliokuwa wakipita na mikokoteni, akijifuta mikono kwenye aproni. Alikaa. Macho yake yakaenda juu, kama yaliyozoea, yakakuta anga tupu, yakashuka.

"Mama, ukiona hatari kazini," Mtafiti alianza, "unamwambia—"

"Aligonga," mwanamke alisema.

Mtafiti akaweka kalamu chini.

"Mama Vipimo. Siku ile. Aligonga mlango kwa kile kipimo chake cha chuma. Tulimsikia sote."

Inspekta aliipunguza sauti yake. "Kwa nini hamkumfungulia?"

"Kutoka kwenye mstari kabla ya king'ora ilikuwa ni kufukuzwa. Na tulijua Meneja anatusikia, tukidhani anatusikia kila mahali, sio kile chumba tu. Nilimtazama mwenzangu wa kushoto, naye akanitazama. Nikasema moyoni, atakwenda yule. Naye moyoni akadhani nitakwenda mimi." Vidole vyake vilikuwa vikiikunja na kuikunjua kona ya aproni. "Baadaye akanyamaza. Kikalia king'ora. Nikasema moyoni, basi, ameshafunguliwa. Nikaenda kuvaa nguo zangu. Nilijua. Nilijua, nikaenda kuvaa nguo zangu."

Alipoinua uso ndipo alipomwona mtu aliyekaa kwenye kreti, akamtambua. Akainuka kwa haraka, akagonga meza.

"Sikujua upo hapa. Nisamehe. Naondoka."

Mdogo wake marehemu alikuwa amenyoosha mkono na kuishika aproni ya yule mwanamke.

"Niliingia zamu baada yenu," alisema. Sauti yake haikuwa na machozi. Ilikuwa kavu, ya mtu anayezungumza kutoka mbali. "Nilipita mlango ule nikiwa na trei. Palikuwa kimya. Nikadhani ameshakwenda nyumbani kupika." Hakuiachia aproni. "Hakuna wa kunieleza ila ninyi. Kaa, mama. Nieleze alivyogonga."

Mwanamke akakaa. Akaeleza, na wengine wakaanza kutoka ukumbini, mmoja mmoja, wakasimama kuizunguka meza.